Almasi: Ngumu, Lakini Huvunjika

Almasi ichimbwayo Mwadui na madini ya kinywe yapatikanayo Mahenge, ambayo hutumika katika penseli, yote ni kaboni. Tofauti ni mpangilio wa atomi. Katika almasi, kila atomi imeshikamana na nyingine nne. Katika kinywe, na tatu tu, katika matabaka yanayoteleza, ndiyo maana penseli huandika.

Hata hivyo, ugumu wa almasi ni wa kutokwaruzika, si wa kutovunjika. Tunamshauri mnunuzi asikubali kito kijaribiwe kwa nyundo, kwani hata almasi halisi hupasuka. Aidha, almasi iliyotengenezwa maabara ni kaboni ileile. Macho pekee hayawezi kuibainisha. Kabla ya kulipa, adai cheti cha maabara ya vito na risiti inayotaja asili yake.