Kushushwa kwa Faranga na Mshahara Wetu

Ndugu wafanyakazi, wengi wanauliza: kushusha faranga maana yake nini? Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipandisha bei rasmi ya dola kutoka karibu faranga 2,090 hadi zaidi ya 2,800. Julai, Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola milioni 271 hivi.

Watetezi wa soko huria wana hoja, nasi tusiidharau. Dola rasmi ikiwa rahisi kuliko ya magendo, anayefaidi ni mfanyabiashara anayeipata benki, kisha akauza bidhaa zake kwa hesabu ya magendo. Mkulima wa kahawa, ambaye zao lake ndilo linaloleta dola hizo, ananyonywa.

Lakini mshahara wamesahau. Dawa na vipuri vinanunuliwa nje. Dola ikipanda, muuzaji wa Bujumbura hubadilisha bei siku ile ile. Sisi tunangoja mkataba. Tena kufikia 2024 bei ya magendo ilikuwa imeiacha mbali ile rasmi.

Basi katika mkataba wa pamoja tudai kifungu hiki: faranga ikishushwa, mazungumzo ya mshahara yafunguliwe ndani ya mwezi mmoja.