Marekani: Nchi ya Shule na Kura

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitoka Meru akafika New York kuueleza Umoja wa Mataifa jinsi serikali ya Mwingereza ilivyowafukuza watu karibu 3,000 Engare Nanyuki ili walowezi wapewe ardhi. Habari hiyo wazee wa Arusha wameisimulia sana. Kinachosahaulika ni hali ya nchi aliyofikia. Desemba ya mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilianza kusikiliza kesi ya wazazi weusi waliotaka watoto wao wasome pamoja na weupe.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za elimu. Enzi za utumwa, baadhi ya majimbo ya kusini yalifanya kumfundisha mtumwa kusoma kuwa kosa la jinai. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wazee kwa watoto walijaa madarasani. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilianzishwa mwaka 1867, na hapo ndipo Thurgood Marshall alipohitimu sheria mwaka 1933. Ndiye aliyewasimamia wale wazazi. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 waliamua kuwa kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kuvunja katiba.

Wengi hudhani mambo yaliishia hapo. Hayakuisha. Kwetu, mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hutoka serikali kuu. Kule, sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Penye nyumba za thamani pana maabara na walimu wa kutosha. Penye nyumba duni, shule nayo huwa duni. Tena miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali zilitia rangi nyekundu mitaa ya weusi, kuwa ni hatari kwa mikopo. Bila mkopo, watu hawakujenga. Kodi ikawa haba. Leo hakuna sheria inayotenganisha watoto shuleni kwa rangi, ila mtoto bado anailipia ramani iliyochorwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Kinachonivutia zaidi ni bodi za shule. Katika wilaya nyingi wajumbe wake hupigiwa kura, nao ndio hupitisha bajeti na kuajiri mkuu wa elimu. Kusini, mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura alitahiniwa kusoma, na karani mweupe alimfelisha apendavyo. Yaani alinyimwa shule, kisha akanyimwa kura kwa kuwa hakusoma! Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyovunja hila hiyo. Mwaka 1968 Shirley Chisholm, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo New York, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bungeni.

Anayetaka kuliona tawi la historia hiyo aende Imbaseni, Arumeru. Pete O'Neal aliongoza tawi la Black Panther, chama cha kutetea haki za weusi, mjini Kansas City, ambako chama hicho kiliwapa watoto chai ya asubuhi bure kabla ya masomo. Aliikimbia Marekani, akafika Tanzania mwaka 1972, na mwaka 1991 yeye na mkewe Charlotte wakaanzisha kituo cha kufundishia vijana.

Wazazi wenzangu wa Levolosi, mkiitwa kuchagua kamati ya shule, nendeni. Msiwaachie wachache wawaamulie.