Alama za kwanza hazifungi mlango wa chuo

Marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikosa nafasi Chuo cha Makerere kwa sababu ya alama zake za mtihani wa shule. Alifanya kazi ya ukarani MIOME, Tudor, kabla ya kupata ufadhili wa kusoma Uingereza. Alihitimu Manchester mwaka 1960, kisha Columbia na Oxford. Aliporejea Afrika Mashariki, Makerere iliyomkataa ilimwajiri, akawa profesa na mkuu wa kitivo.

MIOME ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), jirani na Buxton. Kozi ya shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE. Mwenye C- anaweza kuanza na stashahada. Mwenye D, kozi ya cheti. Akifaulu, hupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kabla ya kuomba nafasi kupitia KUCCPS, soma masharti ya kila kozi, kwani nyingine hudai alama maalum katika somo fulani. Na kabla ya kulipa karo katika chuo cha kiufundi, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, ili cheti chako kitambulike.