Kimondo kimo kabatini, kutu imo ndani

Kimondo cha Mbozi, kule mkoani Songwe, kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi, na mvua za nyanda za juu zimekinyeshea tangu zamani. Mpima ardhi William Nott alipokitolea taarifa mwaka 1930, wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi. Hadi leo kimevaa ngozi ya kahawia, na chini ya ngozi hiyo chuma ni kizima. Lakini kipande cha kimondo kisichozidi kiganja, kilichonunuliwa ughaibuni na kuwekwa kwenye kabati la vioo Upanga, Dar es Salaam, au Nyali, Mombasa, kinaweza kuanza kumeguka kabla mwenyewe hajachoka kuwaonyesha wageni.

Wengi hulaumu maji peke yake. Maji yamo kwenye kesi, ila mchokozi mkubwa ni kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi iliyopenya kwenye nyufa za chuma wakati kimondo kikiwa kimelala ardhini. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa kimondo huja nayo kutoka angani. Mwaka 1989 Vagn Buchwald wa Denmark na Roy Clarke wa Marekani, baada ya kuchunguza vimondo vya Antaktika, walionyesha kuwa klorini hiyo ni ya hapahapa duniani, na kwamba hujificha ndani ya aina ya kutu iitwayo akaganeiti. Ubaya wake ni kwamba haiishi. Ikishakula chuma hapa inaachiliwa, inasogea ndani zaidi, inakula tena.

Kwa hiyo historia ya kimondo ardhini ina uzito kuliko sura yake dukani. Vipande vya Campo del Cielo, kutoka kaskazini mwa Argentina ambako Wahispania walikwenda kuvitafuta mwaka 1576, vimekaa udongoni kwa maelfu ya miaka. Vimejaa sokoni, bei yake ni nafuu, na vina sifa mbaya ya kushika kutu. Vya Sikhote-Alin, vilivyoanguka mashariki ya mbali ya Urusi tarehe 12 Februari 1947 watu wakishuhudia, vingi viliokotwa mapema na kwa kawaida havina usumbufu kiasi hicho. Mtu wa Mombasa akiniuliza, nitamwambia aongeze fedha anunue hicho cha pili.

Ukubwa nao unasaidia. Gimba la Mbozi lina urefu wa mita 3 na zaidi. Kutu ikimenya ngozi ya juu, ndani kunabaki shehena. Kipande chembamba kilichopitishwa msumeno hakina akiba hiyo, na mara nyingi msumeno umeshafungua nyufa zilizokuwa zimefumba. Msimu wa masika, ukikishika chini ya taa, utaona vitone vidogo vyenye rangi ya chai vimejipanga kando ya ufa. Vikikauka vinaacha magamba membamba yenye uwazi ndani, na ukiyagusa kwa sindano yanapasuka. Ukifika hapo, kupiga msasa na kupaka vanishi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Tiba ni kuitoa chumvi. Wakusanyaji wengi hulowesha vimondo vya chuma kwenye kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, iliyotiwa kidogo tu kwenye maji ya betri (siyo asidi ya betri, tafadhali). Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukigeuza utaratibu huo inaweza kuchemka na kukurukia. Vaa glavu na miwani. Na usithubutu kutumia sufuria ya alumini, maana kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Chombo cha plastiki nzito kinatosha. Maji yakigeuka rangi yanamwagwa na kuwekwa mapya, na kazi hiyo huchukua wiki, pengine miezi. Kisha kimondo kinasuuzwa mara kadhaa kwa maji hayohayo ya betri, kinatumbukizwa kwenye spiriti kali ili ivute maji yaliyobaki, kinaachwa hadi spiriti yote iruke, ndipo kinakaushwa kwenye oveni yenye moto mdogo.

Baada ya hapo, vita ni dhidi ya hewa. Mjini Bristol, Uingereza, meli ya chuma SS Great Britain, iliyozinduliwa mwaka 1843, ilikuwa ikiliwa na chumvi ya bahari kwa mtindo huohuo. Wahifadhi wake walijenga paa la kioo kuzunguka sehemu ya chini na kuikausha hewa ya humo hadi unyevu wa asilimia 20 hivi. Dar es Salaam unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi, na kabati la vioo lenye milango ya kuteleza halizuii chochote. Boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli na kipima unyevu cha bei ndogo, linalishinda kabati hilo, hata kama halipendezi sebuleni. Silika jeli ikibadilika rangi imeshiba. Irudishe kwenye oveni kwa saa chache, itafanya kazi tena.

Nta nyembamba husaidia juu ya chuma kilichokwisha kukauka. Mafuta ya bunduki, ambayo baadhi huyasifu, hukusanya vumbi na huhitaji kurudiwa kila mara. Vidole vitupu ni mwiko, kwa kuwa jasho nalo ni chumvi.

Vimondo vya mawe havilowekwi. Vile vya Mbale, Uganda, vilivyoanguka tarehe 14 Agosti 1992, kimoja kikipita kwenye mgomba na kumgonga mtoto kichwani bila kumdhuru, ni vya jiwe lenye punje za chuma ndani. Vile vya Thika, Kenya, vya Julai 2011, ni jamaa zao. Jiwe hunywa maji, punje zikashika kutu, na madoa ya kahawia yakishatapakaa kwenye uso uliokatwa hayafutiki kirahisi. Ukikuta vumbi, tumia brashi laini kavu, kisha urudishe jiwe kwenye boksi.