Diski Moja, Kompyuta Mbili

Katika shughuli za filamu jijini Nairobi si ajabu kazi ikaanzia River Road, mtaa ulioipa tasnia ya filamu ya Riverwood jina lake, kwenye kompyuta ya Windows iliyonunuliwa barabara ya Luthuli, kisha diski ikapandishwa bodaboda hadi Kilimani au Lavington kwa mhariri atumiaye Mac. Na ikishachomekwa huko ndipo maneno huanza, huyu akidai ameletewa faili mbovu, na yule akiapa kwamba kwake zilicheza bila ya taabu.

Aghalabu wote wawili wasema kweli, maana hitilafu haimo katika picha bali katika mfumo uliotumika kuifomati diski. Diski ya NTFS, ambao ndio mfumo wa Windows, Mac huisoma illa haiandiki kitu ndani yake. Na ile ya APFS, mfumo ambao Apple waliutoa mwaka 2017, Windows haiifahamu kabisa, hata pengine humshauri mwenyewe aifomati upya, shauri ambalo akilifuata kwa pupa atakuwa amefuta kazi ya watu. FAT32 ya zamani husomeka pande zote mbili, lakini haikubali faili moja ifike GB 4, na mahojiano marefu hupita kiwango hicho upesi. Imebaki exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, ambayo Mac na Windows husoma na kuandika sawasawa. Nami naihesabu kuwa ni chombo cha safari wala si ghala, kwani haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yake, na diski ikichomolewa kwa haraka kabla ya kuiaga kompyuta, orodha ya faili yaweza kuvurugika.

Tena Mac, iandikapo katika exFAT, mara nyingi huacha kando ya faili kijifaili cha KB chache chenye jina lile lile lililotanguliwa na nukta na mstari wa chini, mathalani ._ngong01.mov, na mhariri wa Windows akikiingiza katika programu huambiwa kimeharibika, akapiga simu kwa ghadhabu, ilhali picha yenyewe iko salama hapo hapo ubavuni. Fauka ya hayo, aliyeipa folda jina la “Harusi 12/8” kwenye Mac ametumia alama ambayo Windows haiikubali katika majina.

Amma mradi wenyewe wa uhariri, hilo ni jambo la pili. Final Cut Pro ni programu ya vifaa vya Apple peke yake, na mradi wake haufunguki katika Premiere Pro. Faili ya XML, ambayo huenda ikahitaji kupitishwa kwanza katika DaVinci Resolve, huchukua mikato na mpangilio, bali maandishi na madoido mengi hupotea njiani. Premiere na Resolve, kwa kuwa zipo pande zote mbili, hazina usumbufu huo, ila zitauliza faili ziko wapi, maadamu anwani iliyoanza kwa D: huko mjini haipo kwenye Mac, na ikiwa folda hazikubadilishwa majina wala mpango, kuonyeshwa faili moja kwa kawaida hutosha kwa programu kuzipata nyingine zote.