Pengo la jino halingoji biashara ikae sawa: mfupa wa taya na meno ya kupandikiza

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Wafanyabiashara wa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, wanajua kukadiria mali kwa jicho. Belo la mitumba likifunguliwa tu, mwenye duka anajua kama amepata au amepoteza. Lakini iko hasara moja ambayo wengi sokoni na barabarani hawaioni mpaka imekwisha kuwafika: hasara ya mfupa baada ya jino kung'olewa.

Hali yenyewe ni ya kawaida. Gego linauma, mtu anang'oa, maumivu yanakwisha, anarudi kazini. Anasema ataweka jino jingine biashara ikikaa sawa. Baada ya miaka miwili mitatu anakwenda kwa daktari wa meno, fedha anayo, anaambiwa hawezi kuwekewa jino la kupandikiza kwa sababu mfupa hautoshi. Sasa inabidi kwanza mfupa uoteshwe, na hiyo ni gharama ya pili na miezi mingine ya kusubiri.

Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na msafiri wa mipakani apange vipi.

KINACHOPOTEA SI JINO PEKE YAKE

Mfupa wa taya unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Kila unapotafuna, mzizi wa jino unausukuma mfupa, na msukumo huo ndio unaoufanya uendelee kujijenga. Jino likitoka, mfupa unakosa kazi na mwili unaanza kuupunguza.

Upungufu huo huanza mapema. Utafiti wa madaktari wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 ulipima taya za watu waliong'olewa magego. Katika miezi 12 upana wa ukingo wa taya ulipungua kwa karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Ndiyo maana swali la jino jipya liulizwe kabla ya kung'oa, au siku ile ile ya kung'oa.

CHUMA KINACHOSHIKANA NA MFUPA

Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi, yaani skrubu ndogo ya madini ya titani inayoingia ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Ya pili ni kiunganishi kinachotokeza juu ya ufizi. Ya tatu ni kofia, ndiyo jino lenyewe linaloonekana na kutafuna.

Mwanzo wake ulikuwa bahati. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa kifaa hicho alikuta kimeshikana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza aliwekewa vipandikizi mjini Gothenburg, na alikaa navyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Baada ya mkutano wa Toronto mwaka 1982 njia hiyo ilienea duniani. Leo, vipandikizi zaidi ya 9 kati ya 10 bado vinafanya kazi baada ya miaka 10, ikiwa mgonjwa alichaguliwa vizuri na anatunza kinywa chake.

Lakini skrubu ya titani ni kama nguzo ya kibanda. Nguvu yake inatoka kwenye udongo iliposimamishwa, na udongo wa jino ni mfupa. Ukiwa mwembamba au mfupi, nguzo hata ikiwa ghali namna gani itatikisika.

MFUPA UNAVYOOTESHWA

Mfupa, tofauti na jino, unaweza kuota tena. Mwaka huo huo wa 1965 daktari wa Marekani, Marshall Urist, alionyesha kwamba ndani ya mfupa zimo chembechembe zinazouamuru mwili kutengeneza mfupa mpya. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Sweden waliongeza jambo jingine. Nyama ya ufizi huota haraka kuliko mfupa, na ikiachiwa nafasi hujaza shimo lote. Basi ukiweka utando wa kuizuia, mfupa nao unapata muda wa kuota.

Daktari hufanya kazi kwa kanuni hizo mbili. Anajaza pengo kwa chenga za mfupa, anafunika kwa utando, anashona ufizi, kisha anasubiri. Chenga hizo ni kama jukwaa la fundi mwashi: mwili unapanda juu yake na kujenga mfupa wake wenyewe. Hutoka sehemu nne:

- Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya taya la chini au kwenye nyonga.
- Mfupa wa binadamu mwingine, uliosafishwa na kuhifadhiwa kwenye benki ya mifupa.
- Mfupa wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, uliosafishwa hata yakabaki madini tu.
- Unga wa kutengenezwa kiwandani, wenye madini kama yale ya mfupa.

Msomaji Mwislamu, Mhindu, au yeyote mwenye mwiko, aulize kabla ya kulala kwenye kiti. Baadhi ya tando hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, nyingine kwa ng'ombe, na nyingine hazina mnyama kabisa. Asili yake huandikwa kwenye karatasi ya pakiti, nawe una haki ya kusomewa.

Magego ya juu yana tatizo lao. Juu yake kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua. Mfupa ukipungua, daktari huinua ngozi laini ya uwazi huo na kujaza mfupa chini yake. Kazi hii husubiri muda mrefu zaidi, mara nyingi miezi 6 hadi 9.

RATIBA YA MTU WA SAFARI

Kwa dereva wa Mombasa–Malaba–Kampala, au mama anayebeba mzigo kutoka Owino kwenda Goma au Juba, ugumu mkubwa ni muda. Kwa kawaida mambo huenda hivi:

1. Kung'oa jino na kujaza shimo kwa mfupa siku hiyo hiyo. Kuondoa nyuzi ni baada ya wiki 1 au 2.
2. Kusubiri miezi 3 hadi 6 mfupa uote.
3. Kuweka kipandikizi. Kwa utaratibu wa zamani wa Brånemark kilisubiri miezi 3 taya la chini na miezi 6 taya la juu. Vipandikizi vya sasa vyenye uso wa kukwaruza vinaweza kusubiri wiki 6 hadi 8, mfupa ukiwa mzuri.
4. Kupima na kufunga kofia, safari mbili au tatu.

Jumla ni miezi 6 hadi mwaka mmoja, lakini siku za kukaa kwenye kiti hazizidi 6 au 7. Safari zikipangwa vizuri, kazi yote inaingia kwenye mizunguko ya kawaida ya biashara.

Yako mambo ya kuzingatia. Ukipewa dawa ya kukulegeza au ya usingizi, usishike usukani kwa saa 24. Mpagazi asibebe magunia kwa siku kadhaa, maana kujikaza kunaamsha damu. Aliyeinuliwa mfupa wa taya la juu asipenge kamasi kwa nguvu wala kupanda ndege mpaka daktari amruhusu. Chakula kiwe laini: uji, matoke ya kuponda, mchuzi. Muchomo wa njiani ungoje.

NANI ASIHARAKISHE

Sigara huongeza sana hatari ya kipandikizi kukataa, na mfupa ulioongezwa hauoti vizuri. Kisukari kisichodhibitiwa hivyo hivyo. Ugonjwa wa fizi lazima utibiwe kwanza. Aliyechomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa iliyodhoofika, amwambie daktari mapema kwa sababu taya lake linaweza kukataa kupona. Anayetumia ARV na hali yake imetulia hakataliwi kwa sababu hiyo peke yake, ila asifiche.

STAKABADHI YA MDOMONI

Hapa ndipo wasafiri wengi hukosea. Kampuni za vipandikizi ni nyingi, na kila moja ina bisibisi na vipimo vyake. Kofia ikilegea ukiwa Kigali wakati kipandikizi uliwekewa Kampala, daktari wa Kigali hawezi kuifungua bila kujua ni ya kampuni gani.

Kwa hiyo dai kadi yenye jina la kampuni, aina, upana na urefu wa kipandikizi, namba ya toleo na tarehe. Pakiti ya kipandikizi huwa na vibandiko vyenye maelezo hayo. Kimoja kibandikwe kwenye kadi yako. Iweke pamoja na pasipoti na kadi ya njano ya COMESA. Omba pia nakala ya eksirei.

Mhakiki na daktari mwenyewe. Uganda kuna baraza linaloandikisha madaktari na madaktari wa meno, Kenya kuna KMPDC, na Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Bei itakwe kwa maandishi na kwa vipande: picha, kung'oa, mfupa, utando, kipandikizi, kofia na marudio. Wengi hutajiwa bei ya skrubu peke yake, mengine wanayajulia kwenye kiti.

SI BIDHAA YA MITUMBA

Owino imevalisha watu wengi kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa, na hakuna aibu. Kipandikizi ni kinyume chake. Hutumika mara moja, kwa mtu mmoja, kutoka pakiti iliyofungwa kiwandani ikiwa safi bila vijidudu. Pakiti iliyofunguka au kupita tarehe haifai hata kwa bure.

Anayefikiria kuvileta kama biashara ajue kwamba katika orodha ya forodha meno bandia na vifaa vyake viko kwenye namba 9021. Kupita forodha hakutoshi. Hivi ni vifaa tiba, na mamlaka za dawa zina neno lake: NDA Uganda, PPB Kenya, TMDA Tanzania. Vikibebwa kwenye begi la nguo bila vibali, hasara ni ya mbebaji, na hatari ni ya mgonjwa asiyemjua.

FEDHA IKIWA HAITOSHI

Kupandikiza siyo njia pekee. Yako meno ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu, ila hayazuii mfupa kupungua na baada ya muda hulegea. Liko daraja, yaani jino linaloshikiliwa na majirani zake wawili, lakini majirani hao hupunguzwa kwanza hata kama ni wazima. Na ukiwa na fedha kidogo leo, muulize daktari kama shimo linaweza kujazwa mfupa sasa, skrubu ije baadaye. Hapo ulichonunua ni nafasi tu, maana mfupa uliojazwa nao haufai kuachwa miaka bila kazi.

Nafuu kuliko yote ni kubaki na jino lako. Ukianguka na bodaboda na jino la mbele la utu uzima likatoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kwa maji kidogo bila kusugua na ulirudishe shimoni mwake. Ikishindikana litie ndani ya maziwa. Kisha ufike kwa daktari wa meno, ikiwezekana kabla ya saa moja kwisha. Kutoka Owino, Mulago, yenye wapasuaji wa kinywa na taya, si mbali.

Na kama jino limekwisha kung'olewa, ndugu msomaji, hesabu miezi tangu siku hiyo. Ikiwa haijafika 3, kamuone daktari kabla ya mzigo unaofuata.