Ngozi ya samaki hupimwaje kabla ya kuwekwa mwilini?

Sato anayekaangwa Mkolani, jijini Mwanza, ana kitu kinachowavutia watafiti wa tiba: kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Mjini Fortaleza, Brazil, watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará wamewafunika watu walioungua moto kwa ngozi ya samaki wa aina hiyo hiyo, iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu.

Hata hivyo, kufunika jeraha ni jambo moja, na kupandikiza utando ndani ya mwili ni jambo jingine. Tando nyingi ambazo madaktari wa meno huziweka chini ya fizi ili mfupa uote upya hutokana na ng'ombe au nguruwe.

Kwanza seli za mnyama huondolewa, kwani huweza kuufanya mwili uukatae utando. Kisha maabara hupima: je, utando unahimili kushonwa? Unayeyuka baada ya muda gani? Unadhuru seli hai? Una vijidudu? Ukifaulu, hupandikizwa kwa wanyama kama panya, na wataalamu huangalia kama unaleta uvimbe. Binadamu huja mwisho, kwa ridhaa yake na kibali cha kamati ya maadili. Nchini Tanzania, vifaa tiba vinadhibitiwa na TMDA.

Kwa hiyo, ukiungua usibandike ngozi mbichi ya samaki kutoka jikoni. Inaweza kuingiza vijidudu kwenye jeraha. Mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha wahi kituo cha afya.